Nimkatie Mamangu Waifai?

(Barua imefupishwa, na mambo mawili matatu yamebadilishwa ili mwandishi asitambulike.)

Assalamu alaykum, Bi Mshauri.

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, kifungua mimba. Tuko watatu kwa mama: mimi, mdogo wangu wa kiume anayefanya kazi Doha, na kitinda mimba wetu wa kike aliyeolewa Malindi. Naishi Bamburi na mume wangu na watoto wawili, na kazi yangu ni ya ofisini, kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mamangu ana miaka 63. Yuko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, nyumba ileile tuliyolelewa, ghorofani juu ya duka la vitambaa, yeye na msichana wa kazi ambaye huja asubuhi na kuondoka alasiri.

Babangu alifariki mwaka wa 2022. Mama alipoingia eda, nyumba ilijaa watu siku za mwanzo, halafu wakapungua, halafu akabaki yeye na kuta. Miezi minne na siku kumi ni mingi kwa mtu aliyezoea kushuka barazani kila alasiri. Nilikuwa nafika mara mbili kwa wiki, na kila nikiondoka nalia kwenye matatu. Ndipo nikamnunulia simu kubwa, maana aliyokuwa nayo ni mulika mwizi ya kupigia tu. Nikaweka na waifai, shilingi 2,000 kwa mwezi, nalipa mimi mpaka leo. Nilimfundisha mwenyewe, kidole chake ndani ya mkono wangu: hapa wabonyeza ukitaka kuzungumza, hapa waachia. Nakueleza haya mapema ujue kwamba balaa hii, kama ni balaa, niliileta mimi.

Mwanzoni nilijipongeza. Mama alimpata binamu yake wa Maskati ambaye hawakuwa wamesikilizana tangu mimi niko darasa la tatu. Akajiunga na darsa la wanawake linaloendeshwa kwa WhatsApp. Mdogo wangu wa Doha akawa amwona mama kila siku, na mama akaanza kucheka tena. Eda ikaisha. Simu haikuisha.

Sasa ana magrupu kumi na moja, nimeyahesabu. La ukoo wetu, la ukoo wa marehemu, la darsa, la waliosoma pamoja, la mapishi, hata la harusi moja iliyofanyika mwaka juzi ambalo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutoka. Voisi zinaingia tangu alfajiri, nyingine za dakika saba, na yeye huzisikiliza kwa sauti nyumba nzima. Akimaliza huko ni TikTok: mapishi, mawaidha, paka, mtu anaosha zulia. Mamangu, Bi Mshauri, alikaa nusu saa akimtazama mwanamume wa nchi nisiyoijua akiosha zulia.

Jumapili huwa sote tunakula kwake. Mwezi uliopita alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, tumeketi mkekani, na simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai, binamu wa Maskati yumo ndani. Mama amevaa miwani ya marehemu baba, ambayo kwa kweli haimfai. Mwanangu wa miaka saba alikuwa ameng'oka jino la mbele. Alilifunga kwenye tishu tangu Bamburi amletee nyanya yake. Akalifungua, akaliweka mkekani mbele ya simu. Mama akasema, "Mashallah, mashallah," macho hayakuinuka. Mtoto akangoja. Kisha akalifunga jino lake tena, akalirudisha mfukoni. Mimi wali ulinikwama kooni.

Barazani hashuki tena. Husema goti, lakini goti hilo halimzuii kusimama jikoni saa nzima akipika huku akizungumza na watu wa Maskati. Jirani yetu wa mkabala, ambaye tangu nikiwa mtoto walikuwa wakinywa kahawa pamoja kila baada ya alasiri, siku hizi wanatumiana voisi. Kichochoro kinachowatenga hakifiki hatua nne. Juzi kicheko cha yule mama nilikisikia mara mbili: kwanza dirishani, kisha kwenye simu.

Halafu hizo stetasi. Siku moja aliipiga picha leso yake yenye jina "Mdhaniaye ndiye siye" akaiweka. Kufika magharibi nilikuwa nimepigiwa simu na shangazi wawili na wifi mmoja, kila mtu ataka kujua kama ni yeye aliyefumbiwa. Nilipomuuliza mama, alisema aliipenda rangi.

Lililonitisha hasa ni pesa. Ramadhani iliyopita alituma shilingi 6,500 kwa M-Pesa kumsaidia mtoto anayehitaji kupasuliwa moyo. Picha ile niliwahi kuiona kwenye grupu jingine: mtoto yuleyule, jina jingine, hospitali nyingine. Nambari ikipigwa haipatikani. Mama alinificha wiki mbili. Nilijua kwa msichana wa kazi. Nilimgombeza, na nimejuta baadaye, kwa sababu nilimgombeza mbele ya watoto.

Na usiku halali usingizi. Wiki jana nilimwona yuko mtandaoni saa nane kasorobo usiku, na saa kumi na moja kashaamka kuswali.

Kitinda mimba wetu ana mpango. Asema nisilipe waifai mwezi ujao, tumwambie mama kuwa waya umekatika na mafundi wanahangaika. Mwezi mmoja tu, asema, atarudi kuwa mama tunayemjua. Wa Doha amekasirika, asema tumwache mama na furaha yake. Mume wangu hucheka tu. Mwenyewe nilijaribu kumgusia mama siku moja, akanijibu: "Babako alikuwa akifungua gazeti tangu chai ya asubuhi mpaka adhuhuri, na hapana aliyemwambia kuwa yuwapotea. Niata." Sikuwa na jibu.

Bi Mshauri, mitandao hii inamjenga mamangu au inamwibia? Na mimi nifanye nini, maana bili inaingia tarehe tano.

Kifungua Mimba, Mombasa

*

Waalaykumu salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma kwenye simu, nimesimama jikoni, na maziwa yakamwagika jikoni. Kwa hivyo usidhani nakujibu kutoka mahali pa juu. Mamako nimemzidi miaka miwili tu.

Nikikuelewa sawa, wasema hivi. Ulimpa mama simu ili apate watu wakati nyumba ilikuwa tupu, naye akawapata. Sasa waliomo ndani ya simu wana nafasi kwake kuliko nyinyi mnaopanda ngazi kuja kumtazama, na juu ya hayo ametapeliwa, tena halali vizuri. Mdogo wako mmoja ataka mkate waifai, mwengine ataka mumwache mama, na wewe unayelipa ndiwe uliyebaki katikati na kitasa mkononi. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nasimama mahali ambapo wewe ulipita mbio.

Hapo kwenye goti, kwa mfano. Umelitaja kwa nusu sentensi, kama udhuru. Mimi nimelelewa Mji wa Kale, nazijua zile ngazi: nyembamba, zimesimama wima, na giza adhuhuri. Goti bovu laweza kusimama mbele ya jiko saa nzima, likawa na mahali pa kuegemea. Kupanda pia litapanda, kwa taabu. Kushuka ndiko kunakoliumiza, kwa sababu uzito wote wa mwili huliangukia goti lililokunjwa. Kwa hivyo nakuuliza: kipi kilitangulia, simu au goti? Mama aliacha kushuka kwa kuwa amepata simu, au alishika simu kwa kuwa hawezi tena kushuka? Na yule jirani wa mkabala, ana miaka mingapi? Huenda unachokiona kama upuuzi, wanawake wawili kupelekeana voisi kuvuka kichochoro cha hatua nne, ni watu wazima wawili walioshindwa na ngazi wakatafuta njia nyingine ya kunywa kahawa pamoja. Sijui. Ila hata wewe hujui, na daktari hajalitazama goti hilo, au kama amelitazama hukuniandikia.

Lakini hapo hapo kuna hatari nyingine, nisije nikamtetea mno kwa kuwa ni rika langu. Simu huufanya ulemavu mdogo uvumilike. Mtu asiyeweza kushuka, zamani angelalamika mpaka apelekwe hospitali. Sasa ana la kumshughulisha, goti linazidi kukauka, na siku atakayotaka kushuka halitakubali.

Mahali pengine niliposimama ni saa nane kasorobo usiku. Mwanangu, na wewe saa hiyo ulikuwa wapi? Anayejua nani yuko mtandaoni saa nane usiku ni yule naye aliyemo. Sikushutumu. Nawajua watu wa kutoa mizigo, meli haijali usiku, na magrupu ya kazi hayalali. Lakini mama amewahi kukuona nawe ukimjibu bosi huku umeshika tonge? Watoto wako je? Naliuliza hili sasa kwa sababu siku utakayoketi kuzungumza naye, ndilo la kwanza atakalokurushia, kama alivyokurushia gazeti la marehemu.

Na usiku wa mjane, nao una mambo yake. Mimi pia nimekaa eda. Siku za eda zimehesabiwa na zina mwisho wake. Huu upweke unaokuja baadaye haukuandikiwa tarehe. Huanza pale wageni waliposhiba kukupa pole. Mimi nilikuwa na redio, nikilala nayo inasema peke yake kando ya mto, na wanangu wakiniuliza nasikiliza nini. Nilikuwa sisikilizi kitu. Nilitaka tu pawe na mtu anayesema chumbani. Mamako amevaa miwani isiyomfaa, ya mumewe, na saa nane usiku yu macho. Huenda ni TikTok inayomnyima usingizi. Huenda usingizi uliondoka kwanza, TikTok ikaja kukalia nafasi. Au vyote viwili vyasaidiana, ambavyo ndivyo nionavyo mimi.

Sasa lile swali lako kubwa, yamjenga au yamwibia. Niruhusu nikusimulie kitu.

Kakangu mkubwa alikwenda Maskati mwaka 1979. Kupiga simu ng'ambo kulikuwa ni safari ya kwenda posta na kupanga foleni, na dakika tatu zilimaliza pesa za nyama. Basi akawa atutumia kaseti. Azungumza upande mzima, ampa mtu anayekuja Mombasa, na siku ikifika sote twakaa mkekani kuizunguka redio kaseti, mamangu mbele. Kaka akisema, "Mama, huku kuna joto kuliko Mombasa," mama humjibu kwa sauti, "Vaa nguo nyepesi basi!" kana kwamba mashine yamsikia. Upande mmoja ulikuwa dakika thelathini. Ukifika mwisho, kile kitufe huruka chenyewe: tak! Mama hujifuta uso kwa leso, asema "Haya," na kwenda kuchambua mchele.

Voisi za binamu wa Maskati ni kaseti ileile, na safari hii jibu la mamako linafika. Hapo mimi sioni wizi. Mtu aliyepotezana na binamu yake tangu wewe uko darasa la tatu, kisha akampata, amepewa kitu ambacho sisi zamani tungekitolea sadaka. Lakini kile kilichomweka nusu saa mbele ya zulia ni kitu kingine kabisa, ingawa hupita kwenye kioo kilekile. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja aitwaye Aza Raskin alibuni namna ya kuufanya ukurasa usiwe na mwisho: ukifika chini, mengine yajileta yenyewe bila ya wewe kubonyeza. Miaka mingi baadaye alijitokeza hadharani akasema anajuta. Leo ukifungua Facebook, Instagram au TikTok, ndiyo njia hiyo unayopita. Hakuna tak. Mamako hakosi akili wala adabu kwa kukaa hapo; ameketi mbele ya kitu kilichoundwa na watu werevu ili asiinuke, na watu wa umri wako walioanza kushika simu shuleni nao hawainuki.

Ndiyo maana nashindwa kulijibu swali lako kama ulivyoliuliza. Simu yake si kitu kimoja. Ndani mna mwanawe wa Doha, darsa, binamu, jirani, grupu la harusi iliyokwisha, tapeli, na zulia. Ukikata waifai unavikata vyote kwa kisu kimoja. Pengine ungejaribu kumuuliza, kwa utaratibu na bila ya kumtega: mama, ukiambiwa ubakishe kitu kimoja tu humu, wabakisha kipi? Jibu lake litakufundisha zaidi ya hesabu yako ya magrupu kumi na moja. (Lile la harusi mwambie atoke. Kila mtu atamshukuru kwa kufungua mlango.)

Tuje kwenye mpango wa Malindi. Naelewa mapenzi yaliyomo, lakini utazame unavyokwenda. Nyaya kubwa za intaneti zinazotua hapa kwetu Mombasa zikipata hitilafu, kila mtu hujua. Mei 2024 nyaya mbili zilikatika huko baharini upande wa Afrika Kusini na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Nyinyi mtamwambia waya umekatika, naye atafungua dirisha na kumuuliza jirani, na jirani waifai yake itakuwa inafanya kazi. Itachukua saa ngapi? Akishajua, hatakasirikia waifai. Atajua kuwa wanawe wamekaa kitako wakapanga kumdanganya kama mtoto anayeachishwa ziwa. Halafu atamtuma msichana wa kazi dukani kununua bando kwa pesa yake mwenyewe, na kuanzia hapo hatakwambia lolote linalomfika humo ndani. Mbaya zaidi ikiwa mpango utafaulu, akaamini, akakaa mwezi mzima na kuta zile. Ulinunua simu kwa sababu ulikuwa ukilia kwenye matatu. Katika mpango huu sijaona nani atakwenda kukaa naye hizo alasiri thelathini.

Ndugu yako wa Doha naye ana haki yake, na ana upofu wake. Yeye akimwona mama kwenye simu, amempata. Wewe ukimwona mama kwenye simu, umemkosa. Mwagombana juu ya kitu kimoja mkiwa pande mbili za kioo. Akikwambia "mwache na furaha yake," mweleze habari ya jino. Nina hakika hajaisikia. Na ukimwachia mama kila kitu kama atakavyo yeye wa Doha, hatari ni kwamba utakuwa wafika Jumapili, wala chakula, waosha vyombo, na chuki yakua kidogo kidogo bila ya mtu kuijua ila wewe.

Kuhusu pesa nitasema waziwazi, maana hapo panahitaji haraka. Aliyetuma pesa za M-Pesa kwa makosa huupeleka ule ujumbe wa kuthibitisha kwenye nambari 456 papo hapo kuomba zirudishwe, na hata hivyo hufaa tu zikiwa bado hazijatolewa. Kwa tapeli nafasi hiyo ni ndogo tangu mwanzo. Wiki mbili za kuficha ziliimaliza. Sasa jiulize kwa nini alificha, na umeshalijibu mwenyewe hapo uliposema umejuta. Mama aliyegombezwa mbele ya wajukuu, mara nyingine atapoteza elfu kumi na kunyamaza. Waweza kumrudia, mkiwa wawili tu, umwambie hukufanya vyema. Kisha umwonyeshe jambo dogo: ujumbe wa WhatsApp uliopita mikono mingi huwa na mishale miwili juu yake. Tangu Aprili 2020, wakati uvumi wa korona ulipozagaa, ujumbe wa namna hiyo hupelekwa mahali pamoja tu kwa mpigo. Akiona mishale miwili na mtoto mgonjwa, ajue aliyemtumia si anayemjua huyo mtoto. Mnaweza kupatana kwamba kabla ya kutuma pesa kwa mtu asiyemjua kwa sura, akwambie. Sadaka asiiache, maskini hawatakosekana Kibokoni. Na wewe pia uwe wamwambia zako, ili isiwe amri ya mtoto kwa mamake. Mtu wa bandarini kama wewe hakosi kupata ujumbe wa ulaghai kila wiki. Msomee mmoja, mcheke pamoja.

Leso nayo imenichekesha. Mama zetu waliyasema kwa leso yale wasiyoweza kuyasema kwa mdomo, na Barabara ya Biashara wauzaji walijua nani anunua jina gani kwa sababu gani. Lakini mtu akivaa leso, aliyelengwa hupita mbele yake akaisoma. Ukiiweka stetasi, inasomwa na watu mia mbili waliojifungia vyumbani, na kila mmoja ana dhambi yake anayoikumbuka. Mwambie tu kuwa mawifi wamepata homa. Labda kweli aliipenda rangi. Labda hapana.

Limebaki lile la mkekani, nami nahisi ndilo lililokutoa machozi ukaandika. Waweza kuligusia kwa namna mbalimbali, na kila namna ina gharama yake. Ukilisema Jumapili mbele ya wote, atajitetea. Ukienda peke yako siku ya kazi, baada ya alasiri, umbebee mkate wa sinia, ukamwomba akufungulie hayo magrupu akuonyeshe nani ni nani, huenda ukajifunza majina ya watu wanaomlaza na kumwamsha mamako, na hapo katikati ukapata pa kumwambia, "Mama, siku ile mwanangu alikuletea jino." Usiongeze. Anaweza kuumia, anaweza kukwambia niata kwa mara ya pili. Mtajua tu mkishafika hapo.

Kuna nyumba zinazoweka kikapu mlangoni, simu zote humo mpaka chakula kiishe. Ukilitaka hilo, ya kwanza kuingia ni yako, na bosi angoje. Utaweza? Binamu naye asitiwe kikapuni kama adui. Maskati wako saa moja mbele yetu, nyinyi mkiketi kula yeye kashamaliza, ndiyo maana hupiga wakati huo. Aombwe apige baada ya kahawa. Pia waweza kumchukua mama jioni moja mpaka ufukwe wa Mama Ngina, gari limfikishe karibu, pale pana njia tambarare na mahali pa kuketi, mle kachiri na mtazame meli zikiingia bandari ya Kilindini. Aende na simu yake. Atapiga picha kila meli na kuituma Doha, na wewe utaudhika kidogo. Mtoto akae katikati yenu, huenda akafundishwa na nyanya yake namna ya kutuma voisi, au yeye ndiye akamfundisha.

Bili ya tarehe tano, mwanangu, iko mikononi mwako, na sitakushikia kalamu. Ila kabla ya tarehe tano, tafuta miwani inayolingana na macho yake, na mtu wa kumsaidia kushuka zile ngazi mpaka kwa daktari. Goti likishatazamwa, niandikie uniambie limesemaje.